Gari Kuukuu, Umeme Mbovu na Injini Isiyotulia: Kwa Nini Kipimo Kitangulie Spea

Malalamiko ya wenye magari makuukuu hufanana. Gari likikimbia barabarani halina neno. Likisimama kwenye foleni ya kuingia Thika mjini, au mbele ya lango la nyumbani Kiganjo, injini inaanza kutetemeka, mshale wa mizunguko unapanda na kushuka, taa za mbele zinafifia, na siku nyingine gari linazima na kukataa kuwaka. Fundi anaitwa. Anasikiliza, anasema gari linamisi, yaani halichomi vizuri, na plagi zinabadilishwa. Wiki mbili baadaye hali imerudi, sasa ni zamu ya koili. Halafu betri. Halafu pampu ya petroli. Akiba inakwisha na hitilafu ya kwanza ingali palepale.

Kiganjo ninayoizungumzia ni ya Thika, Kaunti ya Kiambu, si ile ya Nyeri inayojulikana kwa chuo cha polisi. Wakazi wake wengi hutafuta riziki Thika, Ruiru na Nairobi, na gari kwao ni chombo cha kazi. Probox linabeba mboga alfajiri na watu jioni. Corolla la mwalimu ndilo pia gari la dharura la jirani. Likilala gereji siku tatu, siku tatu za mapato zimepotea.

Hoja ya makala haya ni kwamba umeme mbovu na injini isiyotulia ni mambo yanayoshikana, na kwamba tunapoteza fedha kwa kuyatenganisha na kwa kununua spea kabla ya kupima. Ili kuitetea hoja hiyo inabidi tuyaangalie magari tuliyo nayo, mahitaji ya injini inaponguruma bila kwenda, mahali umeme unapopotelea, na pia mpango wa malipo unaomsukuma fundi mzuri kubahatisha.

Magari tuliyo nayo

Thika si mgeni wa magari. Kiwanda cha kuunganisha magari kilianzishwa hapa mwaka wa 1974 kikiitwa Leyland Kenya, na leo ndicho Kenya Vehicle Manufacturers. Desemba 2016 Volkswagen ilirudi kuunganisha Polo Vivo katika kiwanda hicho, na mwaka uliofuata Peugeot nayo ikaja. Hata hivyo, magari mengi yaliyoegeshwa mbele ya nyumba zetu yalitoka Japan yakiwa yameshatumika. Kiwango cha KS 1515 kinachosimamiwa na Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) kinazuia kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Wanunuzi wengi huchukua lililo karibu na ukomo huo kwa sababu ndilo linalolingana na mfuko. Gari lililoundwa mwaka wa 2003 na kushuka Mombasa mwaka wa 2010 sasa limepita miaka 20, na sehemu kubwa ya maisha yake limeyaishi kwenye vumbi, matuta na mikono yetu.

Kwa upande wa utafutaji wa hitilafu, magari haya yana makundi manne. La kwanza ni ya kabureta, ambayo yamebaki machache: pikapu za zamani na Corolla za miaka ya 1980. La pili ni ya injekta yenye distribyuta moja na waya nne za plagi, kama Corolla AE100 na baadhi ya zilizofuata zenye injini ya 5A-FE. La tatu ni ya injekta ambapo kila plagi ina koili yake juu, kama Corolla NZE121 na Probox zenye injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5. La nne ni ya kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, yale yaliyoandikwa D-4 au GDI. Fundi anayetumia dawa ya kundi moja kwa kundi lingine hukosea kabla hajashika spana. Skrubu iliyotuliza kabureta kwa sikio haina kazi kwenye gari ambalo kompyuta ndiyo inayoamua hewa na petroli.

Injini inahitaji nini ikisimama

Mwendo wa kusimama ndio mtihani mgumu zaidi kwa injini. Mizunguko inakuwa kati ya 650 na 800 kwa dakika katika magari mengi ya petroli. Hewa inayoingia ni kidogo, petroli ni kidogo, alteneta inazunguka polepole, na nguvu inayozalishwa inatosha tu kuishinda misuguano ya injini yenyewe. Mpasuko mdogo kwenye mpira wa hewa hautambuliki kwa kilomita 80 kwa saa, kwa sababu hewa ya wizi ni sehemu ndogo ya hewa yote. Gari likisimama, hewa hiyo hiyo inakuwa sehemu kubwa. Ndiyo maana gari linaweza kukimbia vizuri hadi Nairobi na bado likatetemeka kwenye taa za barabarani.

Petroli huungua vyema hewa ikiwa mara 14.7 ya uzito wake. Kompyuta ya injini hulinda uwiano huo kwa kusoma sensa ya hewa inayoingia, sensa ya joto la maji, sensa ya nafasi ya throto na sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Kisha inaamua sindano ya injekta ifunguke kwa muda gani, na vali ya hewa ya kusimamia ifunguke kiasi gani. Sensa ikidanganya, kompyuta inatii uongo.

Jambo moja la mahali petu halimo katika vitabu vingi vya watengenezaji. Thika iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ina msukumo wa kama asilimia 83 tu ya ule wa Mombasa. Ili injini ipate uzito ule ule wa hewa, mlango wa throto au vali ya kusimamia lazima ifunguke zaidi. Masizi ambayo Mombasa yasingeonekana, hapa yanaanza kuizima injini mapema. Kabureta lililowekwa sawa pwani litamwaga petroli nyingi mno hapa. Pia fundi anayepima ombwe la manifoldi kwa geji lazima ajue kwamba kipimo hupungua kama inchi moja ya zebaki kwa kila mita 300 za kupanda. Kitabu kikisema inchi 17 hadi 21, injini nzima ya Thika itaonyesha kama 12 hadi 16. Nani ajuaye ni injini ngapi zilizofunguliwa bure kwa kuwa kipimo cha usawa wa bahari kilichukuliwa kuwa sheria ya kila mahali?

Umeme ndio mwanzo

Kipimo cha kwanza kinapaswa kuwa cha umeme, kwa sababu mbili. Ni rahisi, kwani kinahitaji mita ya kawaida na dakika kumi. Pia umeme mbovu huharibu vipimo vingine vyote. Sensa nyingi hufanya kazi kwa volti 5 tu, na kosa la sehemu ndogo ya volti linatosha kuipotosha kompyuta. Umeme ukishuka, injekta huchelewa kufunguka na cheche ya koili hudhoofika, na injini inatetemeka ingawa plagi, koili na injekta zote ni nzima.

Namba za kukumbuka ni chache. Betri iliyopumzika usiku kucha, ikiwa imejaa, husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebakiwa na kama nusu ya chaji. Chini ya 12 imekwisha. Wakati stata inazungusha injini, volti zisishuke chini ya 9.6 au karibu hapo. Injini ikinguruma, alteneta ilete kati ya 13.8 na 14.4. Washa taa kubwa, feni na kiondoa ukungu cha kioo cha nyuma kwa pamoja. Volti zikibaki juu ya 13.5, mfumo wa kuchaji hauna ubaya mkubwa. Zikianguka hadi 12 na kitu, tatizo limejitangaza. Halafu geuza mita ipime umeme wa mkondo geu kwenye betri hiyo hiyo: ikionyesha zaidi ya nusu volti, huenda daiodi za alteneta zimeungua, na umeme wake mchafu unatosha kuvuruga sensa.

Kipimo kinachosahaulika zaidi ni cha waya wa ardhi, ule unaounganisha injini na bodi na bodi na betri. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha injini, kisha washa stata. Tofauti ikizidi nusu volti, waya huo umekula kutu au umelegea. Waya wa ardhi mbovu huleta vituko ambavyo huonekana havina uhusiano: geji ya joto hupanda taa zinapowashwa, taa za dashibodi hufifia, mizunguko hushuka feni ya rejeta inapoanza. Umeme unaokosa njia yake hutafuta njia nyingine, hata kupitia waya wa sensa. Kusafisha ncha mbili kwa msasa na kukaza nati mbili kumeponya magari yaliyokuwa yameshanunuliwa koili nne mpya.

Vichwa vya betri navyo vinahitaji jicho. Betri nyingi ndogo za magari ya Japan zina vichwa vyembamba. Vibano vipana vilivyowekwa baadaye hujazwa vipande vya bati au msumari ili vishike. Kwa mwendo wa matuta yetu, bati hilo hulegea, na gari linazima mahali pasipotarajiwa. Dawa yake ni kibano cha saizi sahihi, ambacho ni miongoni mwa spea za bei ya chini kabisa dukani.

Betri inayoisha usiku ni swali jingine. Gari likiwa limezimwa na milango imefungwa, mkondo unaovuja usizidi kama miliampea 50. Ukizidi, ondoa fyuzi moja moja ukiangalia mita. Ile inayoshusha mkondo ndiyo inayoonyesha mtaa wa mwizi. Hapo unafuata waya zake hadi kwenye redio, taa ya buti au alamu.

Hewa, cheche, petroli: namna ya kuvitofautisha

Umeme ukithibitishwa, yafuatayo ndiyo maswali yanayogawanya matatizo.

Je, injini inatetemeka ilhali mshale wa mizunguko umetulia? Kama mtetemeko unazidi gia ikiwa kwenye D huku breki imekanyagwa, na unapungua kwenye N, chunguza mauntingi za injini kwanza. Mpira wake ukipasuka, mtetemo wa kawaida wa injini nzima hupita moja kwa moja hadi kwenye kiti. Hakuna plagi itakayoondoa hilo.

Je, mtetemeko una mpigo wa mara kwa mara, kana kwamba silinda moja haifanyi kazi? Chomoa soketi ya injekta moja, sikiliza, irudishe, kisha nenda kwa inayofuata. Silinda nzima ikikatwa, injini hushuka. Silinda isiyoleta mabadiliko yoyote ndiyo mgonjwa. Kwenye magari ya koili moja moja, hamisha koili ya silinda hiyo hadi jirani: hitilafu ikihama nayo, koili ni mbovu. Isipohama, hamisha plagi. Isipohama tena, pima kompresheni. Tofauti kati ya silinda isizidi kama asilimia 15, na kumbuka kwamba hapa juu namba zote zitakuwa chini kidogo ya zile za kitabu. Njia hii haigharimu hata shilingi moja ya spea. Tabia ya kuchomoa waya wa plagi injini ikinguruma iachwe: cheche ya maelfu ya volti inaweza kumpiga fundi au kuua iginita, na petroli isiyoungua huiharibu ekzosi yenye kichujio cha moshi.

Je, mizunguko hupanda na kushuka yenyewe, kama injini inayotafuta mahali pa kutulia? Hapo fikiria hewa. Mpira wa ombwe uliokauka, bomba la kupumulia injini, mpira wa breki, gasketi ya manifoldi. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990, vali ya hewa ya kusimamia hupitiwa na maji ya rejeta, kwa hiyo maji yakipungua au yakishika hewa, mizunguko huyumba vile vile. Maji ni jambo la kuangalia kabla ya kugusa chochote. Kutafuta hewa ya wizi kwa kunyunyizia petroli juu ya injini yenye moto ni kuchezea maisha. Maji ya sabuni au moshi hafifu unaopulizwa ndani ya manifoldi hufichua mpasuko bila kuwaka.

Je, injini huzama unapowasha kiyoyozi au taa? Kompyuta inatakiwa kuongeza hewa mzigo unapoongezeka. Isipofanya hivyo, throto na vali yake vimejaa masizi, au kompyuta haipati habari ya mzigo. Kuvisafisha kwa dawa yake ni kazi ya saa moja. Kwenye magari ya throto ya umeme, baada ya kusafisha au kutoa betri, kompyuta imesahau nafasi iliyokuwa imejifunza. Mizunguko inaweza kuwa juu au chini kwa muda hadi ijifunze upya. Wateja wengi hurudi kulalamika siku hiyo hiyo, na mafundi wengi huharibu kazi nzuri kwa kuanza kugeuza skrubu.

Na petroli? Pampu dhaifu huonekana zaidi kwenye mlima na mzigo kuliko kwenye kusimama. Kuna mambo mawili ya kwetu, hata hivyo. Kwanza ni desturi ya kuweka petroli ya shilingi mia tano kila siku na kuishi na taa ya tangi. Petroli ndiyo inayopoza pampu iliyomo ndani ya tangi, na uchafu wa chini huvutwa kila siku. Pili ni petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Tatizo hilo lilifikia kiasi cha serikali kuweka, mwaka wa 2018, tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya uchanganyaji. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa urahisi kama petroli, hivyo gari huwaka kwa shida asubuhi na kugonga likipanda. Hitilafu iliyoanza siku ile ile ulipojaza tangi inastahili kuulizwa tangi kwanza.

Magari ya D-4 na GDI yana kesi yao. Katika injini za kawaida petroli hupulizwa nyuma ya vali na kuzisafisha. Katika hizi, kama 1AZ-FSE ya baadhi ya Premio na Avensis, petroli huingia ndani ya silinda moja kwa moja, na vali za hewa hazioshwi kamwe. Mafuta ya injini yanayorudi kwa bomba la kupumulia huganda juu yake mwaka hadi mwaka. Injini ikisimama hutetemeka, na koili mpya haitabadilisha kitu. Manifoldi lazima itolewe na vali zisafishwe. Sifa mbaya ya injini hizi hapa nchini ina ukweli ndani yake, lakini sehemu yake imetokana na kutibiwa kama 1NZ.

Kuisikiliza kompyuta

Mashine ya kusoma kodi za hitilafu imepungua bei, na vifaa vidogo vinavyoongea na simu vimefika kila mahali. Vinasaidia sana, ila vina mipaka miwili. Kwanza, si kila gari huzungumza lugha ya mashine hizo. Marekani iliufanya mfumo wa OBD-II kuwa lazima kwa magari ya mwaka wa 1996, lakini magari mengi yaliyoundwa kwa soko la ndani la Japan katika miaka ya 1990 yana mfumo wake. Kwenye Toyota za kundi la distribyuta, unaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi, na taa ya injini inahesabu kwa kupepesa: mbili, pumziko, mbili ni kodi 22, sensa ya joto la maji; 41 ni sensa ya nafasi ya throto. Fundi mwenye kipande cha waya na kumbukumbu nzuri anaweza kumshinda mwenye mashine isiyounganika.

Pili, kodi hutaja dalili, haitaji spea ya kununua. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Haisemi sensa ya oksijeni imekufa. P0301 inasema silinda ya kwanza haichomi vizuri, na sababu inaweza kuwa plagi, koili, injekta, vali au soketi iliyoingia maji. Mashine nzuri zaidi huonyesha marekebisho ya petroli ambayo kompyuta inafanya muda huo. Marekebisho yakiwa makubwa injini ikisimama na kupungua kwenye mizunguko 2,500, kuna hewa ya wizi. Yakiwa madogo kwenye kusimama na kukua kadiri mzigo unavyoongezeka, tazama petroli au sensa ya hewa iliyoshika vumbi. Ulinganisho huo mmoja hutenganisha njia mbili za gharama tofauti kabisa.

Mikono iliyotangulia

Gari la miaka 20 lina hitilafu za umri, na pia lina hitilafu za ukarabati. Hizi za pili ndizo ngumu zaidi kuzipata, kwa sababu hazimo katika mchoro wowote wa kiwandani.

Chukua alamu na swichi za siri za kuzuia wizi. Ili zifungwe, waya za swichi ya kuwashia au za pampu hukatwa na kuunganishwa upya, mara nyingi kwa kusokota na kuzungushia utepe. Miaka mitano baadaye kiungo hicho kimeota kutu ya kijani, na gari huzima bila kodi yoyote. Ongeza redio yenye vikuza sauti, taa za nyongeza zisizo na rilei, na fyuzi ya ampea 10 iliyowekewa waya mtupu badala yake. Fyuzi inayoungua mara kwa mara inatoa onyo, na kuinyamazisha ni kuualika moto kwenye dashibodi. Kiungo halali hulehemiwa au hubanwa kwa kibano chake na kufunikwa kwa mpira unaosinyaa.

Chukua pia themostati. Ni desturi iliyoenea kuitoa ili gari lisichemke. Matokeo yake ni injini ambayo haifikii joto lake, hasa asubuhi za Julai. Kompyuta hudhani injini bado baridi na kuendelea kumimina petroli, plagi zinapata masizi, mizunguko inabaki juu, na mwenye gari anashangaa tangi linavyokauka. Kwa urefu wetu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi yakiwa wazi, kwa hiyo kifuniko cha rejeta kinachoshika presha na maji yenye dawa ya kupozea ni muhimu zaidi hapa kuliko pwani. Gari lenye rejeta safi, feni nzima na kifuniko kizuri halihitaji kutolewa themostati.

Chukua, mwisho, kuosha injini kwa maji ya presha. Katika msimu wa vumbi watu wengi huagiza injini ing'ae. Maji hukaa kwenye visima vya plagi na ndani ya soketi, na kesho yake gari linamisi. Kabla ya kununua koili, toa zilizopo, kausha visima kwa hewa, angalia ufa na alama nyeupe za cheche zilizotoroka.

Mwenye gari ana wajibu hapa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Anayemwambia fundi mpya kwamba gari halijaguswa, hali ya kuwa watu wawili wameshakata waya zake, anamlipa mtu atafute gizani.

Kwa nini tunabahatisha

Lau jambo hili lingekuwa la ujuzi peke yake, lingekwisha zamani. Thika ina chuo cha ufundi chenye sifa, Thika Technical, na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) hutoa mitihani ya daraja la tatu hadi la kwanza kwa makanika na kwa fundi wa umeme wa magari, hata kwa aliyejifunza kazini. Kando ya barabara zetu kuna mafundi wenye akili kali. Kikwazo kikubwa kiko kwenye malipo.

Mteja wetu hulipa spea na hulipa kufunga spea. Halipi kupima. Fundi akitumia saa mbili na mita na kugundua waya wa ardhi uliolegea, mteja huuliza kwa mshangao analipia nini ilhali hakuna kilichonunuliwa. Fundi yule yule akifunga koili nne, hata kama hazikuhitajika, mkono unalipa. Kwa mpango huo tunamwadhibu anayefikiri na kumtuza anayekisia. Duka la spea linanufaika vyovyote vile, na soko limejaa bandia licha ya Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008. Koili bandia iliyofungwa mahali pa koili nzima ni hasara maradufu: fedha imeenda, na hitilafu ya pili imeongezwa juu ya ya kwanza, jambo linalomvuruga fundi wa tatu.

Wapo watakaosema mtu wa kipato kidogo hana uwezo wa kulipia uchunguzi. Hoja hiyo ina uchungu wa kweli ndani yake, lakini hesabu inaipinga. Ni mtu wa kipato kidogo hasa asiyeweza kununua spea tatu ili kufika kwenye ya nne iliyo sahihi. Ada ya kupima, iliyokubaliwa kabla ya boneti kufunguliwa na kulipwa hata kama tatizo ni nati moja, ndiyo kinga yake.

Hukumu

Kutokana na yote haya, utaratibu unaofaa ni huu. Anza kwa macho: maji, mafuta ya injini, mipira ya hewa, vichwa vya betri, waya zilizosokotwa. Kisha umeme: betri iliyopumzika, stata, kuchaji, waya wa ardhi. Kisha soma kodi kwa njia inayolingana na gari lako. Kisha itafute silinda mbovu kwa kuhamisha vilivyopo. Kisha hewa na throto. Kisha petroli. Kompresheni na kufungua injini vije mwisho. Kila hatua iandikwe kwenye daftari la gari, pamoja na tarehe na namba zilizosomwa, na daftari hilo limfuate mnunuzi atakayefuata.

Kwa fundi: nunua mita nzuri kabla ya seti nyingine ya spana, na utaje bei ya kupima bila aibu. Kwa mwenye gari wa Kiganjo, Makongeni, Ruiru au kwingineko: ukiambiwa kitu kimekufa, uliza kimepimwaje na kimesoma ngapi. Fundi anayejua atakujibu kwa namba. Mlipe kwa namba hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyokuokolea spea tatu usizozihitaji.